Pedali ya Tatu ya Orrin Kubacki

Nafasi ya kwanza mbele ya benki bado iko wazi. Kila Jumamosi ya maonyesho, tangu Mei mpaka majani yapukutike, magari yetu ya zamani hujipanga kwenye barabara kuu ya mji wetu wa Harwick, boneti zimeachama kama midomo ya makinda, na foleni huanzia nafasi ya pili. Hakuna aliyefunga kamba pale. Hakuna aliyeandika kibao. Mwaka jana mgeni mmoja kutoka Saginaw aliegesha pale bila kujua, akashuka akijinyoosha mgongo, akakuta watu wazima kumi na tisa wamenyamaza wanamtazama. Akarudi garini, akasogea. Kwenye lami limebaki doa la mafuta lenye umbo la figo, na mvua ikinyesha linatoa rangi zote za upinde wa mvua.

Doa hilo ni la Orrin Kubacki.

Orrin alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mashine ya kukandamiza mabati ya milango ya magari, na akastaafu na sauti ya mtu aliyezoea kubishana na mashine. Hata salamu aliitoa kana kwamba wewe uko ng'ambo ya mto. Ndiye aliyeanzisha klabu yetu, ndiye aliyeandika kanuni zake saba kwa mkono wake, na ya nne ndiyo iliyompa jina hadi wilaya za jirani: magari yenye gia za mkono yataegeshwa mbele, magari ya otomatiki yataegeshwa mwisho wa foleni, kando ya vyoo vya kukodi.

“Otomatiki ni lifti,” alikuwa akituambia. “Unabonyeza, unasubiri, unafika. Nani amewahi kujisifu kwamba anajua kupanda lifti?”

Alikuwa na mahubiri mengine pia, tuliyoyajua kama sala ya chakula. Kwamba gari lenye klachi halikutupi njiani. Betri ikifa, stata ikigoma, unahitaji marafiki wawili na mteremko mdogo tu: gia ya pili, wakusukume, achia klachi, limewaka. Otomatiki ikifa imekufa, uisukume mpaka Kanada.

Kwa miaka kumi na sita kanuni ya nne ilimwangukia mtu mmoja tu, Wendell Ochs, mwalimu mstaafu wa kemia, mtu mpole mwenye gari la kijani zuri kuliko yetu sote, otomatiki tangu lilipotoka kiwandani. Wendell hakulalamika. Alileta kiti cha kukunja, kitabu, na kopo la dawa ya kupuliza yenye harufu ya limau.

Orrin mwenyewe alikuwa na gari la mwaka 1970, la milango miwili, injini kubwa kuliko akili, ambalo alilitoa kwenye ghala la shamba moja likiwa halina sakafu, halina giaboksi, na kuku watatu wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Alilifufua kwa miaka tisa. Alichomelea sakafu mpya, akapaka rangi ya chungwa mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa chungwa la kimakosa. Lilipobaki giaboksi peke yake, akaanguka.

Alianguka kanisani, wakati wa Kwaresima, siku ya samaki wa kukaanga, akiwa amebeba ndoo ya sosi. Waliokuwepo wanasema ndoo ilifika chini ikiwa wima na haikumwagika hata tone. Goti lake la kushoto halikuwa na bahati hiyo. Waliliondoa, wakaweka jingine la chuma na plastiki, na alipomwuliza daktari kama lingeweza kukanyaga klachi nzito, daktari, kijana wa gari la umeme, alimwuliza kwa adabu klachi hasa inafanya nini.

Majira yote ya baridi yaliyofuata, giaboksi mbili zililala sakafuni mwa gereji yake, bega kwa bega, kila moja imefunikwa blanketi. Ya kushoto ilikuwa ya gia nne za mkono, aliyoitafuta miaka sita. Ya kulia ilikuwa otomatiki, aliyopewa bure na mtu aliyetaka nafasi ya kuweka mashine ya kufulia. Orrin alitueleza kwamba hiyo ya pili ameiweka ili milango ya gereji isipigwe na upepo. Tulimwamini. Mtu huamini upesi jambo linalomwondolea kazi ya kufikiri.

Mkewe, Nadine, ndiye aliyejua. Baadaye sana alitusimulia jinsi alivyoamka asubuhi moja ya Januari akaikuta mizani ya bafuni imesimamishwa kwenye ukuta wa jikoni, na mumewe amekaa kitini mbele yake, amevua soksi, anaisukuma kwa mguu wa kushoto. Klachi ya gari lile ilitaka ratili arobaini. Mguu ulitoa kumi na tisa. Akapumzika, akanywa kahawa, akajaribu tena, akapata kumi na saba. Kuna huzuni yake ya pekee kwa mtu kupimana nguvu na ukuta wa jikoni kwake, na ukuta ukashinda.

Nadine alikulia shambani, kwenye viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari, na alikuwa akiendesha malori ya mavuno tangu ana miaka kumi na miwili, yale malori ya zamani ambayo gia yake unaiingiza kwa nguvu na matusi. Akampa mumewe jibu lililokuwa mezani muda wote.

“Funga ya mkono,” akasema. “Nitaendesha mimi.”

“Na mimi nikae wapi?”

“Pembeni yangu. Utapunga mkono.”

Orrin alivaa soksi yake, akarudi gereji, akafunga mlango. Kwa miezi mitatu Nadine alisikia nyundo na msumeno. Siku moja akaona nzi jikoni, nzi wa Aprili, wazito wa usingizi, na akagundua kwamba mlango wa wavu wa jikoni haujifungi tena. Springi yake haikuwepo. Alimwuliza Orrin. Orrin alisema springi huchakaa.

Mwezi Mei gari likatoka. Tulikusanyika wote kwenye nafasi ya kwanza mbele ya benki, na tuliingiza vichwa madirishani kama ng'ombe kwenye hori. Mkono wa gia ulikuwa pale, mrefu, wenye kichwa cheupe na namba zake nne. Chini zilikuwepo pedali tatu. Rafiki yake mkubwa, Lyle Reinbold, muuza mbegu, aliyekaa naye dawati moja tangu shule ya msingi, akainama akabonyeza ile ya kushoto kwa kiganja. Ikalia kidogo, ikarudi.

“Laini,” Lyle akasema.

“Nimeitengeneza upya,” Orrin akasema.

Nitaeleza sasa alichokifanya, ingawa sisi hatukukijua. Chini ya gari ilikuwa imefungwa otomatiki. Mkono wa gia ulisimama kwenye bamba la chuma na haukushikana na kitu chochote duniani. Ungeweza kukorogea uji. Pedali ya tatu ilining'inia kwenye bawaba ya kabati na kurudishwa na springi ya mlango wa wavu. Gia ya kweli aliiweka kwa kuvuta kirungu kidogo chini ya dashibodi, mahali ambapo mtu angedhani ni cha kufungulia hewa.

Kazi ngumu ilikuwa masikio. Otomatiki hubadilisha gia inapotaka yenyewe, na kila ilipobadilisha, ilimpasa Orrin awe ameshakanyaga pedali yake isiyo na kazi na kusukuma mkono wake usio na kazi, kwa wakati mmoja, na uso wa mtu anayefanya uamuzi. Nadine anasema alifanya mazoezi kwenye barabara za mashambani wiki mbili nzima, akiongea na gari: sasa, sasa, bado, sasa. Nimewaza sana juu ya hilo. Mtu aliyehubiri miaka ishirini kwamba gari limtii dereva, alijifunza uzeeni kulitii gari, akalisikiliza kuliko yeyote kati yetu, na hakuweza kumwambia mtu.

Sifa zake zikavuka mipaka. Hakuna aliyewahi kumsikia Orrin akikosea gia. Hakuna mkwaruzo, hakuna mruko; gari lilipanda kutoka gia ya kwanza hadi ya nne kama maziwa yanayomiminwa. Watu walikuja kutoka mji wa Bad Axe kumsikiliza akipita. Wengine walinong'ona kwamba ni goti jipya, kwamba chuma kinajua chuma.

Aliyeumia ni Lyle. Lyle alikuwa na gia za mkono za kweli, na alizikwaruza tangu utawala wa marais saba waliopita. Sasa, akimlinganisha rafiki yake mwenye goti la plastiki na yeye mwenye magoti aliyozaliwa nayo, alianza kujichukia. Alifanya mazoezi kila asubuhi kwenye uwanja wa ghala la nafaka mpaka klachi ikanuka, akabadilisha klachi, akaendelea. Akamwomba Orrin siri. Orrin, akitazama pembeni, akamwambia siri ni kutulia. Lyle akaenda kutulia. Akaja siku moja na kibao cha KUUZWA, akakiweka kwenye kioo cha gari lake, na tulimwona Orrin akikisoma kile kibao mara kadhaa, kana kwamba kimeandikwa kwa lugha ngeni.

Usiku ule, Nadine anasema, Orrin hakula. Akamwambia mkewe kwamba atamwambia Lyle baada ya Tamasha la Sukari. Nadine akasema, mwambie kabla. Orrin akasema, baada. Alikuwa ndiye wa kuongoza msafara wa magari, na alitaka apite mara moja, mtaa mzima, watu wote wakimwona nyuma ya usukani. Mara moja tu.

Tamasha huwa Juni. Mbele hutangulia bendi ya shule ya sekondari, kisha magari yetu, kisha Malkia wa Sukari juu ya tela lililopambwa, kisha gari la zimamoto. Msafara huo hautembei, hutambaa. Saa nzima tulikuwa tukisogea na kusimama, kusogea na kusimama, na kila tuliposimama Orrin, mbele yetu, alikanyaga pedali yake kwa uaminifu, ingawa hapakuwa na haja, na kila alipoikanyaga springi ya mlango wa wavu ilikuwa ikikwaruza waya uliopita nyuma yake. Ulikuwa waya wa kuchaji betri. Karibu na reli, chini ya maghala ya viazi sukari, waya ukakatika, na baada ya robo saa gari la chungwa likakohoa, likazimika. Alijaribu stata. Ikatoa mlio mmoja kama mtu anayekataa kuamka.

Sharti mwelewe kwamba kwetu hakuna furaha kama gari la mwenzako kugoma mbele ya watu. Saba tulishuka kabla hajafungua dirisha. Tulikuwa na wastani wa miaka sitini na minane. Lyle aliwahi katikati, viganja juu ya buti la nyuma. Mimi nilipata upande wa taa ya kulia. Hatukumwuliza Orrin lolote. Tulikuwa tumehubiriwa miaka ishirini.

“Gia ya pili, mzee,” Lyle akapaza sauti. “Tukisema achia, achia.”

Tulimwona kupitia kioo cha nyuma. Kichwa chake kilisimama tuli kwa muda. Kisha mkono ukasogea, ukasukuma ule mti wenye kichwa cheupe kwenye gia ya pili.

Tukasukuma. Gari lilikuwa zito kama dhambi za ukoo, ila lilianza kwenda. Lyle akasema achia. Tukasikia kijimlio cha springi, na gari likaendelea kuteleza kimyakimya kama jeneza. Tukajaribu tena. Achia. Springi ikalia. Watu wa pembeni ya barabara wakaanza kutuhesabia kwa makofi: moja, mbili, tatu, achia.

Lyle alisema kosa ni letu, hatumpi mwendo wa kutosha. Basi tukakimbia. Sijui nieleze vipi wazee saba wakikimbia; ni kama kabati linaloshushwa ngazi. Tukaifikia bendi. Wapiga tarumbeta wakatupisha upande mmoja, na wale wa ngoma upande mwingine, na tukapita katikati yao bila wao kukatisha wimbo, Orrin akiwa wima nyuma ya usukani, uso mbele, akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia. Mama mmoja alimwinua mtoto wake aone. Tulipita benki. Tulipita duka la dawa. Tulikuwa sasa mbele ya bendi, tunaongoza tamasha zima, na Malkia wa Sukari huko nyuma akatupungia mkono akidhani ndivyo ilivyopangwa.

Lyle amewekewa vibomba vitatu kwenye mishipa ya moyo. Tulimwambia apumzike. Akasema rafiki yake hajawahi kukosa gia hata moja, na hawezi kumwacha aaibike mtaani kwa sababu ya wasukumaji wavivu. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya nyama mbichi, na pumzi yake ilitoka kwa filimbi. Akainamisha kichwa kati ya mikono, akasukuma peke yake kuliko sisi sita.

Nadhani Orrin alimwona kwenye kioo. Breki ikashikwa ghafla. Wote saba tukalala juu ya buti kama nguo zilizoanikwa.

Bendi ilikuwa ikitukaribia kutoka nyuma. Lyle akajikokota hadi dirisha la dereva.

“Mara moja tena,” akasema. “Tutaliwasha.”

“Halitawaka, Lyle.”

“Kwa nini?”

“Halina klachi.”

“Klachi imekufa?”

“Haijawahi kuzaliwa.”

Lyle akamtazama. Kisha akaingiza mkono dirishani, akanyoosha mpaka chini, akabonyeza pedali ya tatu kwa kiganja. Ikalia. Akaiachia. Akabonyeza tena, taratibu, ameinamisha sikio. Lyle amekula kila Jumapili jikoni kwa Nadine kwa miaka thelathini na mitano, akiingilia mlango wa nyuma.

“Huo ni mlango wenu wa jikoni,” akasema.

“Ndiyo.”

“Nilijua naujua huo mlio. Tangu Mei nautafuta kichwani. Nilidhani ni wa gari la marehemu baba.”

Akakaa ukingoni mwa barabara. Bendi ikatupita, pande zote mbili, ikipiga wimbo uleule. Orrin akashuka, goti likimpa shida, akakaa kando yake, na akamwambia yote kwa sauti ambayo sisi hatukuwahi kumsikia nayo, ndogo, ya mtu aliye chumba kimoja na wewe. Mizani. Ratili kumi na tisa. Bamba la chuma. Kuhusu Nadine na lori la viazi. Sisi sita tulijifanya tunakagua matairi.

“Nimeunguza klachi mbili kwa ajili yako,” Lyle akasema mwishoni.

“Najua.”

“Uliniambia nitulie.”

“Najua, Lyle.”

“Nimetulia mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa.”

Hapo mmoja wao akaanza kucheka, na mpaka leo kila mmoja anasema ni mwenzake. Walicheka mpaka Lyle akashika kifua tukaogopa, akatupungia mkono kwamba hapana, ni hiki kicheko tu.

Aliyekuja kuwaokoa alitoka mwisho kabisa wa foleni ya magari yetu. Wendell Ochs alisogeza gari lake la kijani taratibu, akaligeuza pua kwa pua na la chungwa, akatoa nyaya mbili zilizokunjwa vizuri kama soksi, akaunganisha betri. Gari la Orrin likawaka kwa jaribio la kwanza. Wendell akafunga boneti yake, akapangusa vidole kwa leso. Miaka kumi na sita kando ya vyoo, na mtu angesamehewa kama angekuwa na hotuba.

“Kuna nafasi karibu na mimi,” akasema. “Upepo ukitoka ziwani, si pabaya.”

Katika mkutano wa Alhamisi iliyofuata tulipendekeza kanuni ya nne ifutwe. Mikono kumi na minane iliinuliwa. Wa kumi na tisa, Orrin, alisimama akapinga. Alisema kanuni aliiandika yeye, na mtu asiyeweza kulala kwenye kitanda alichowatandikia wengine hastahili kalamu. Tukamwachia kanuni yake; akataka tu jambo moja liandikwe katika kumbukumbu: kwamba Wendell Ochs ameombwa radhi. Wendell, aliyekuwa akisoma, akauliza wamesema nini.

Springi imerudi kwenye mlango wa jikoni. Pedali Lyle aliiomba, akaipigilia ukutani juu ya meza yake ya mbegu, na kibao cha KUUZWA kimetoka kwenye kioo chake. Anakwaruza gia kama zamani, kwa moyo mweupe. Giaboksi ya gia nne bado iko chini ya blanketi. Majira haya ya kuchipua Nadine amenunua ganda la lori dogo la mwaka 1966, lisilo na kitu ndani, na asubuhi moja nilimwona amelalia mgongo chini yake akipima kwa futi nafasi ya giaboksi, na mumewe ameshika taa.

Jumamosi za maonyesho, Orrin Kubacki anaegesha nafasi ya mwisho, kati ya gari la Wendell na choo cha pili.